Kuhesabiwa

Kila Desemba Watanzania wenzetu wanatucheka. Mabasi ya kutoka Dar yanajaa, msururu wa magari unaanzia Chalinze, na utani unarudi palepale: Wachaga wanakwenda kuhesabiwa. Eti asiyefika Krismasi anafutwa kwenye orodha ya ukoo. Mimi naishi hapahapa Moshi mjini. Safari yangu ya kuhesabiwa ni nauli ya Noah tu hadi Kibosho, lakini naenda kama wengine, na mke wangu anabeba vitenge vya kugawa kana kwamba tumetoka Mwanza.

Mwaka juzi tulipofika, mama hakutoka kutupokea.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye kigoda nje ya jiko lake la kuni. Mikono ameikita magotini, mabega yamepanda hadi karibu na masikio, midomo ameibana kama mtu anayepoza uji. Nikasema, "Shikamoo, mama." Akainua kidole kimoja: ngoja. Nina miaka arobaini na mitatu na sijawahi kusubirishwa marahaba na mama yangu. Ilipita kama dakika nzima ndipo ikaja, vipande vipande. "Marahaba... baba. Ni kifua tu."

Hiyo "ni kifua tu" nimeisikia maisha yangu yote. Katika Kiswahili chetu cha kila siku, kifua ni kapu. Mafua yaliyoshuka ni kifua. Kichomi ni kifua. Pumu nayo ni kifua, ingawa angalau ina jina lake na wenye pumu wanajulikana mtaani. TB ni kifua, tena kikuu. Na mzee anayekohoa kila asubuhi tangu enzi za Nyerere, huyo "ana kifua", basi, kama vile mwingine ana kipara. Hakuna anayemuuliza zaidi. Yeye mwenyewe hajiulizi.

Mama anatunza madaftari yake ya matibabu, yale ya shule yenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Usiku ule, wengine wakiwa wanakata nyama ya mbuzi nje, nikakaa chini ya taa nikayasoma yote manne. Miaka kumi na moja. Mara tisa kaandikiwa kichomi. Mara sita pumu. Mara nne amepimwa makohozi, na mara zote nne hakuna kitu, ila mara moja akaanzishiwa dawa za TB hivyohivyo, "kwa tahadhari", akazimeza miezi sita bila kuacha hata siku moja. Antibayotiki sikuzihesabu, nilichoka. Sitavitaja vituo alivyopita, na wala sina kinyongo na waliomhudumia. Walifanya walichoweza kwa stetoskopu na mwanga wa dirisha. Lakini katika kurasa zote zile hakuna mahali palipoonyesha kwamba kuna mtu aliwahi kumwambia apulize.

Januari nikamshusha mjini kwenye hospitali moja kubwa, apulize.

Kwa asiyewahi kuiona, mashine yenyewe ya kupima pumzi haitishi. Kuna mrija wa kuweka mdomoni, kibanio cha pua, na kompyuta inayochora mstari. Binti aliyekuwa akipima aliuliza umri wa mama, urefu, jinsia na asili, akaviingiza. Kisha akaanza kupiga kelele. "Vuta hewa yote, bibi! Haya puliza! Puliza puliza puliza puliza, usiache, bado, bado, maliza yote!" Nilidhani Simba wamefunga goli. Mama alirudia mara tatu, kila mara akibaki anatetemeka na machozi yanamlenga. Akapewa dawa ya kutanua njia za hewa, akavuta, tukasubiri dakika kumi na tano kwenye benchi, kisha akapuliza tena. Tukiwa kwenye benchi aliniinamia sikioni: "Huyu binti ananiswaga kama ng'ombe."

Kinachopimwa ni vitu viwili. Kwanza ni hewa yote unayoweza kuitoa ukipuliza kwa nguvu hadi mwisho kabisa. Pili ni kiasi gani cha hewa hiyo kimetoka ndani ya sekunde ya kwanza. Kijana mzima hutoa kama asilimia 80 ndani ya sekunde hiyo. Ukiwa na dalili, ukawa umeishi na moshi au vumbi, na ukashindwa kufika 70 hata baada ya kuvuta dawa, madaktari wanakuandika: ugonjwa sugu wa mapafu, ule wa njia za hewa kuziba. Mama alitoa 51.

Nilikuwa nadhani mtu wa namna hii anashindwa kuvuta hewa. Daktari akanirekebisha. Kuvuta anavuta, anachoshindwa ni kutoa. Mirija midogo ya hewa imevimba na kuingia makovu, vifuko vidogo vya mwisho vimepasuka na kuungana, na mapafu yamepoteza ule mnyumbuko wa kurudi yenyewe, kama lastiki ya kaptula ya shule iliyofuliwa miaka minne. Hewa ya zamani inabaki ndani, na hewa mpya inakosa pa kukaa. Ndiyo maana anabana midomo: pasipo kufundishwa na mtu, mwili umegundua kwamba ukiitoa taratibu kupitia tundu dogo, mirija haijifungi njiani.

Mama alikuwa na swali moja. "Ndiyo TB?"

"Hapana mama, huu hauambukizi."

Aliachia pumzi kwa nafuu, kwa kadiri alivyoweza. Nyumbani kwetu, nikiwa mdogo, mtu akisema fulani amepelekwa Kibong'oto, sauti ilishuka. Ile hospitali ya kule Siha imekuwapo tangu 1926 na imeponya watu wengi kuliko tunavyoweza kuihesabia, lakini jina lake lilibeba hofu ya kifua kikuu kwa vizazi vitatu. Mama alikuwa tayari kwa ugonjwa wowote duniani mradi usiwe wa Kibong'oto.

Mimi nikauliza swali langu, ambalo sasa naliona la kitoto: wako wangapi kama yeye? Daktari akatabasamu. "Duniani? Inategemea nani kahesabu."

Nilikwenda nyumbani na jibu hilo likanikera kwa wiki kadhaa. Nimesomea hesabu za biashara. Ukiniambia idadi inategemea nani kahesabu, kwangu huo ni mwanzo wa wizi. Kwa hiyo nikaanza kusoma usiku, simu mkononi, na nilichokikuta ni hiki.

Mradi mkubwa wa kimataifa unaokadiria mzigo wa magonjwa ulisema kwamba mwaka 2019 wenye ugonjwa huu duniani walikuwa karibu milioni 212. Timu nyingine ya watafiti ikakusanya tafiti zilizotumia mashine ya kupuliza, ikapata, kwa mwaka uleule wa 2019, milioni 392 wenye umri wa miaka 30 hadi 79. Hiyo ni asilimia 10.3 ya watu wote wa umri huo, mtu mmoja kati ya kumi. Timu hiyohiyo ilipobadilisha mstari wa kukatia, ikashuka hadi milioni 292. Kati ya 212 na 392 pana watu milioni 180. Sensa yetu ya 2022 ilituhesabu milioni 61.7. Yaani watu ambao wataalamu wanavutana juu yao, wapo au hawapo, ni karibu Tanzania tatu.

Mhasibu ndani yangu alitaka kutupa simu. Lakini ukiangalia kwa makini, hakuna aliyeiba. Huo mstari wa asilimia 70 ni mmoja kwa kila mtu, na mapafu hulegea kwa umri hata kwa mtu asiye na kosa. Kwa hiyo ukiutumia kwa mzee wa miaka 78 unaweza kumwita mgonjwa kumbe ni uzee wake tu, na ukiutumia kwa kijana wa miaka 32 unaweza kumwacha aende zake kumbe mapafu yake yameshaanza kuharibika. Wengine wanapendelea kumlinganisha kila mtu na wa umri wake, na hapo idadi inapungua. Kila upande una hoja. Mama yangu, kwa 51 yake, haponi kwenye mstari wowote.

Hata mashine yenyewe ina historia inayokera kidogo. Iliyoitangulia ilitengenezwa na daktari wa London, John Hutchinson, aliyechapisha kazi yake mwaka 1846 baada ya kupima zaidi ya watu 2,000, wakiwemo mabaharia na polisi. Aliiona ingefaa hata kampuni za bima ya maisha. Miaka michache baadaye daktari mmoja wa Louisiana, Samuel Cartwright, akaitumia kudai kwamba mapafu ya watumwa weusi yana upungufu wa asilimia 20, na akalifanya dai hilo kuwa hoja ya kutetea utumwa. Kwa zaidi ya karne baada ya hapo, vipimo viliendelea kumkata mtu mweusi kiasi fulani kabla ya kutamka kama yuko sawa. Ni mwaka 2023 tu chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kilipopendekeza makato hayo yaondolewe. Makato hayo hayagusi sana ule uwiano wa sekunde ya kwanza, yanagusa zaidi daraja la ukali wa ugonjwa. Hata hivyo, nilikumbuka yule binti akiuliza "asili?" kwa upole kabisa, kidole juu ya kibodi, naye hana habari swali lilikotoka.

Kuhusu vifo, Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5, kama asilimia tano ya vifo vyote duniani, na likauweka nafasi ya nne kati ya visababishi vya kifo. Gawanya kwa siku: zaidi ya 9,000. Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000. Ungejaa ndani ya wiki moja, na wiki ijayo tena. Kati ya wanaokufa kabla ya miaka 70, karibu asilimia 90 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Huko ndiko kwetu.

Lakini namba iliyonikalisha kitako haikuwa ya vifo. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliounganisha vituo 44 katika nchi 27. Wazo lake ni jepesi: pima watu wa kawaida mitaani, kisha kila utakayemkuta na ugonjwa, muulize kama kuna daktari aliyewahi kumwambia. Asilimia 81.4 walikuwa hawajui. Palipokuwa na nafuu kuliko kote ni Lexington, Kentucky, Marekani, na hata huko nusu walikuwa hawajui. Palipokuwa pabaya kuliko kote ni Ile-Ife, Nigeria: asilimia 98.3.

Niliisoma ile 98.3 mara kadhaa. Kisha nikaenda kabatini nikayatoa madaftari manne.

Tafiti za kupuliza zimefanyika sehemu nyingi, na ramani yake haifuati akili ya kawaida. Amerika ya Kusini na Mexico walipima miji mitano, wakachapisha mwaka 2005: Jiji la Mexico, lililo juu kuliko Lango la Marangu, lilikuwa na asilimia 7.8, na Montevideo, mji wa pwani, 19.7. Mradi mwingine ulipima miji kumi na miwili duniani, matokeo yakatoka 2007, na kwa ugonjwa uliovuka daraja la kwanza la ukali Cape Town ikaongoza. China walikadiria karibu milioni 100 nchi nzima. Uganda, vijijini Masindi, waliwapima wenye umri wa kuanzia miaka 30 wakapata asilimia 16.2. Na kwetu? Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti kutoka Tanzania vijijini, watu wenye miaka 35 na kuendelea: asilimia 17.5. Kati ya waliokutwa na ugonjwa, waliokuwa wamewahi kupata matibabu yake ni asilimia 1.7. Sijakosea nukta.

Nitazungumzia moshi sasa. (Ndiyo, naandika habari za moshi nikiwa Moshi. Kijiweni wameshaumaliza huo utani, usijisumbue.)

Mama hajawahi kuvuta sigara. Ugoro aliujaribu ujanani akapiga chafya hadi bibi akamfukuza. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 70 ya ugonjwa huu unatokana na tumbaku. Kwetu na kwa wenzetu tumbaku inabeba kama asilimia 30 hadi 40, na jiko ni mshitakiwa mkubwa. Watu takriban bilioni mbili duniani bado wanapikia kuni, mkaa, samadi na mafuta ya taa, na mama yangu ni mmoja wao kwa miaka sitini sasa, kuanzia alipoanza kutumwa kuchochea moto.

Na halikuwa jiko la wali na mchicha tu. Mama alikuwa mpika mbege, pombe yetu ya ndizi. Ndizi mbivu zinaingia kwenye pipa saa kumi na moja alfajiri na zinachemka hadi mchana, zinageuka rangi ya udongo, na muda wote huo mtu lazima asimame pale akoroge kwa mti mrefu, uso umeelekea mvuke na moshi kwa pamoja. Kuni zilikuwa matawi ya mgrevilea na visiki vya mibuni iliyozeeka. Visiki vya mbuni vinawaka polepole na vinauma macho. Mara mbili kwa wiki, wakati mwingine tatu kukiwa na harusi au matanga. Julai, baridi ikishuka kutoka mlimani, mlango unafungwa, na sisi watoto tunajibanza humohumo ndani kwa sababu ndipo palipo na joto. Ada yangu ya sekondari ilichemka kwenye pipa lile. Najua kabisa ni nani alilipa na alilipa kwa nini.

Kwa hiyo ingekuwa rahisi kwangu kuandika hapa kwamba jiko ndilo, tumalize. Na ningependa iwe hivyo. Lakini ule utafiti wa Tanzania una kitu kisichokaa vizuri: wanaume walikuwa asilimia 21.7 na wanawake 12.9. Wanaume wa Kitanzania wanaojua kuchochea kuni kwa miaka sitini nawahesabu kwa vidole. Watafiti wenyewe walitaja sigara na historia ya TB kuwa vinaenda pamoja na ugonjwa. Na kule Malawi, watafiti waligawa majiko bora kwa maelfu ya familia, wakafuatilia watoto wadogo zaidi ya 10,000 kuona kama kichomi kitapungua. Matokeo yalichapishwa 2016. Hakikupungua. Jiko lilibadilika, lakini mtoto bado alivuta moshi wa taka za jirani, wa taa ya mafuta, wa shamba linalochomwa, wa jiko la bibi alikoshinda mchana.

Hii hainifanyi niache kulilaumu jiko. Inanifanya nione kwamba pafu ni kama daftari la duka: linaandika kila kitu. Kichomi cha utotoni kinaandikwa. Kuzaliwa na uzito mdogo na kukua na njaa vinaandikwa, maana pafu lisilofikia ukubwa wake ujanani linaingia uzeeni likiwa na deni. TB iliyopona inaacha kovu linaloendelea kuziba hewa miaka mingi baada ya vidonge kwisha, jambo ambalo sikuwahi kusikia mtu akimwambia mgonjwa siku ya kumaliza dozi. Vumbi la machimbo linaandikwa kwa wino usiofutika. Nikitoka Moshi kwenda Arusha, pale KIA ukikata kushoto unakwenda Mererani, ambako tanzanite imechimbwa tangu 1967, na vijana wangapi wa kwetu wamepita njia ile.

Kaka yangu mkubwa amepita njia ile. Nitamrudia.

Serikali inao mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama kuni na mkaa ifikapo mwisho wa muda huo. Mei 2024 Rais Samia alikuwa Paris kwenye mkutano wa dunia juu ya jambo hilohilo. Mimi na mke wangu tulitangulia kidogo: tulipotoka hospitali siku ile tulinunua mtungi mdogo wa gesi na jiko la plati mbili, nikaupandisha Kibosho kwenye Noah nikiwa nimeupakata.

Mama aliupokea kwa heshima zote. Akautandikia kitambaa cha kufuma.

Nilipopanda tena mwezi uliofuata, gesi ilikuwa inachemsha chai ya wageni. Maharage yalikuwa kwenye mafiga. Nikakasirika, nikasema maneno ambayo sikupaswa kumwambia mama. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanionyesha juu kwa kidole. Darini, juu ya mafiga, yananing'inia mahindi ya mbegu, yamepakwa masizi, meusi tititi. "Gesi yako inafukuza dumuzi?" Sikuwa na jibu. Moshi ule ndio dawa ya wadudu wa ghala. Ndio unaokausha kuni za wiki ijayo. Wenye mikakati wakija Kibosho waje na jibu la dumuzi, maana mama atawauliza.

Tuliafikiana kwa mtindo wa kwetu, kwa kuzunguka. Mahindi yakahamia kwenye mapipa ya bati yenye mfuniko wa kubana. Mafiga yakatolewa nje, chini ya bati lililo wazi pande tatu. Mbege akamwachia shangazi yangu mdogo, ambaye ana mapafu ya Mkenya wa mbio ndefu, kwa sasa. Dawa za kuvuta zilikuwa vita vingine. Ile ya kutuliza haraka inapatikana. Ile ya kila siku, ya kutanua njia kwa saa nyingi, maduka manne yalinijibu "imeisha", la tano likanitajia bei iliyonifanya niulize kama ni ya kiwanja. Na mkono wa mama una kiharusi kidogo cha zamani, hawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja, dawa yote inaishia ulimini. Yule binti wa mashine ndiye aliyetuokoa: akatoboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, akachomeka kopo la dawa, akamwambia mama abonyeze kwanza kisha avute taratibu kupitia mdomo wa chupa. Baadaye nilisoma kwamba madaktari wa Cape Town walishapima ujanja huu kwa watoto wenye pumu mwaka 1999 na wakakuta unafanya kazi vizuri tu. Chupa ya shilingi mia tano.

Hajapona. Huu haurudi nyuma. Lakini sasa kuna hesabu nyingine anayoifanya. Kutoka barabarani hadi nyumbani ni mpando wa migomba, zamani akiushuka na kuupanda na mkungu kichwani. Leo anatembea hatua mbili akivuta, hatua nne akitoa midomo ikiwa imebanwa, na anahesabu kwa sauti ndogo, kwa Kichaga. Kuna jiwe moja la kupumzikia kwa mzee mwenzake, la pili kwenye mparachichi. Mwezi wa nne alikuwa anapumzika mara tano. Alipofika mara mbili alinipigia simu mchana nikiwa kwenye kikao cha ukaguzi, nikatoka nje kupokea.

Desemba iliyopita kaka alifika tarehe 23, usiku. Miaka tisa Mererani, shimoni, na TB aliyotibiwa akamaliza dozi mwaka wa saba. Sasa anauza vipuri Arusha, ana tumbo, anavaa saa kubwa, anacheka kwa sauti. Tulilala chumba kimoja kama zamani. Saa nane za usiku nikaamka nikasikia kikohozi cha mama kutoka upande wa pili wa ukuta, kile chepesi cha kukwangua ninachokijua tangu utotoni. Kisha nikasikia kingine, kizito, karibu na sikio langu, na kwa muda nikachanganyikiwa kipi ni cha nani.

Asubuhi nikamweleza habari za mashine. Nikamweleza Ile-Ife, nikamweleza asilimia 17.5, nikamweleza kovu la TB na vumbi. Akanisikiliza huku anachokoa meno.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi nimekuja kuhesabiwa. Sikuja kupimwa."

Wote uani wakaangua kicheko, na yeye kuliko wote, hadi kicheko kikageuka kikohozi na kikohozi hakikutaka kuisha. Akashika nguzo ya upenu. Watoto wakanyamaza. Mama akainuka kwenye kigoda chake, hatua mbili, hatua nne, akamfikia, akamwekea kiganja mgongoni. "Usivute kwa pupa. Toa kwanza. Bana midomo, hivi, kama unapoza uji." Na mwanaume yule wa miaka hamsini na moja, na saa yake kubwa, akabana midomo.

Tarehe 2 Januari alirudi Arusha na Noah ya kwanza. Namba ya yule binti niliiandika mwenyewe kwenye simu yake. Nilipoangalia ameihifadhi kwa jina gani, ilikuwa imeandikwa "Puliza".